Lenzi za zamani kwenye kamera mpya yenye sura ya kale: uchambuzi wa kisa cha picha za kumuaga mstaafu

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mpiga picha aliyeombwa kuandaa picha za kumbukumbu za fundi seremala aliyekuwa akistaafu baada ya kuitumikia karakana moja kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kwa ridhaa ya mpiga picha, majina ya wahusika na ya karakana yameondolewa, na kila jambo ambalo lingeweza kuwatambulisha limeachwa nje. Mipangilio ya kamera, vipimo na mfuatano wa matukio vimebaki kama vilivyokuwa. Mimi niliingia baadaye, aliponiletea faili zote tuzipitie pamoja, zikiwamo zile ambazo wateja hawakuonyeshwa, na kwa kweli hizo ndizo zilizotufundisha zaidi.

Kazi ilikuwa na sehemu tatu. Asubuhi zilitakiwa picha za sura ya mstaafu akiwa kwenye benchi lake la kazi, mchana picha ya karakana nzima ikipigwa kutoka ng'ambo ya uwanja, na jioni hafla ya kuagana ukumbini, penye hotuba, zawadi, taa hafifu na ombi la waandaaji kwamba flashi isitumike. Waandaaji walitaka picha zenye mwonekano wa miaka ambayo mzee huyo alianza kazi. Mpiga picha aliona kwamba lenzi za enzi hizo zingeleta mwonekano huo kwa uhalali kuliko kichujio cha programu, na katika hilo naungana naye.

Kamera aliyotumia ni Nikon Z f, iliyotangazwa mwaka 2023, yenye sensa ya fremu kamili, yaani yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, na megapikseli 24.5. Umbo lake limefuata lile la Nikon FM2 ya mwaka 1982: juu yake kuna magurudumu ya shaba ya kupangia kasi ya shata, ISO (wepesi wa sensa kuupokea mwanga) na fidia ya mwanga, na mtu akiishika anaweza kuamini kwamba ameshika kamera ya filamu. Imani hiyo inapendeza, lakini ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya matatizo yatakayoelezwa hapa, kwa kuwa ndani ya umbo hilo mna kompyuta inayotegemea taarifa kutoka kwenye lenzi, na lenzi ya zamani haina taarifa yoyote ya kuipa.

Vifaa na sababu za kuvichagua

Kila mfumo wa kamera una umbali maalumu kati ya mdomo ambapo lenzi hufungwa na uso wa filamu au sensa. Kamera za filamu zilizokuwa na kioo cha kuruka zilihitaji nafasi kubwa kwa ajili ya kioo hicho, na ndiyo maana umbali wa mfumo wa M42, ule wa lenzi za skrubu ulioonekana kwenye kamera ya Contax S mwaka 1949, ni milimita 45.46. Kamera isiyo na kioo haihitaji nafasi hiyo, na umbali wa mfumo wa Nikon Z ni milimita 16 tu. Tofauti ya namba hizo mbili, yaani milimita 29.46, ndiyo nafasi inayojazwa na adapta, na ndiyo inayoiwezesha kamera ya leo kupokea karibu lenzi yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za filamu za milimita 35. Adapta ya namna hii haina kioo wala nyaya ndani yake. Ni bomba la chuma lenye skrubu upande mmoja na meno ya kushika kamera upande wa pili.

Lenzi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni Helios 44-2 ya milimita 58 na f/2 (namba ya tundu linalopitisha mwanga; ikiwa ndogo, tundu huwa wazi zaidi), iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti kwa kufuata mchoro wa Biotar ya Carl Zeiss Jena. Inasifika kwa namna majani au nukta za mwanga zilizo nyuma ya mtu zinavyoonekana kuzunguka katikati ya picha. Hali hiyo hutokea kwa sababu pipa la lenzi hukata sehemu ya mwanga unaoingia kwa mshazari, hivyo miduara ya ukungu iliyo pembezoni hubanwa na kuwa na umbo la jicho la paka, kila mmoja ukijipanga kuizunguka katikati. Mpiga picha aliichagua kamera ya fremu kamili kwa sababu hiyo hiyo, kwani sensa ndogo ingezikata pembe ambamo tabia hiyo hukaa. Lenzi ya pili ni Super-Takumar ya milimita 135 na f/3.5, kwa ajili ya hotuba.

Kwa kuwa kamera haiwezi kujua ni lenzi gani imefungwa, Nikon wameweka kwenye menyu orodha ya lenzi zisizo na chipu, hadi 20, ambamo mtumiaji huandika mwenyewe urefu wa fokasi (zile milimita 58 au 135) na tundu kubwa kabisa la kila lenzi. Mpiga picha aliziandika zote mbili usiku wa kuamkia kazi. Tarajio lake lilikuwa kwamba baada ya hapo kamera ingejua la kufanya.

Asubuhi: kwenye benchi la kazi

Mstaafu aliketi pembeni ya dirisha, umbali wa takriban mita 1 kutoka kwenye kamera, na Helios ikafunguliwa hadi f/2. Katika hali hiyo eneo lenye ukali, kwa kipimo cha kawaida cha fremu kamili, ni kama sentimita 3.4 tu kwa jumla, mbele na nyuma ya mahali palipolengwa. Kwa faili la megapikseli 24 linaloangaliwa kwa ukubwa wake wote, eneo ambalo jicho litalikubali kuwa kali ni jembamba zaidi ya hapo.

Alianza kwa kutegemea mistari ya rangi ambayo kamera huichora kwenye kingo zilizo katika fokasi. Mistari ilimeremeta kwenye nyusi, kwenye fremu ya miwani na kwenye kope kwa wakati mmoja, naye akapiga. Alipozikuza picha za mwanzo kwenye skrini, fremu ya miwani ilikuwa kali kama wembe na macho yaliyo nyuma yake yamelainika. Alichukua uamuzi hapo hapo: aliizima mistari ya rangi na kuanza kukuza sehemu ya jicho ndani ya kitazamio kabla ya kila picha. Kamera hii hulitambua jicho la mtu hata pale lenzi inapozungushwa kwa mkono, hivyo kitufe cha kukuza humpeleka mpiga picha moja kwa moja kwenye jicho bila kulitafuta kwa vidole.

Uamuzi wa pili ulihusu pete za Helios. Lenzi hii ina pete mbili za tundu mbele yake: moja, yenye mibofyo, huweka kikomo; nyingine huteleza bila mbofyo wowote kutoka wazi kabisa hadi kwenye kikomo hicho. Aliweka kikomo f/4, akalenga fokasi tundu likiwa wazi, kisha akaifunga pete ya pili kwa kidole mpaka ikagota, bila kuondoa jicho kwenye kitazamio. Kwa f/4 eneo la ukali karibu liliongezeka mara mbili, na uso wote ukawa salama bila ukungu wa nyuma kupotea.

Tatizo lililobaki lilikuwa la kibinadamu. Mtu aliyeketi huyumba mbele na nyuma kwa sentimita kadhaa bila kujijua, na kwa f/2 kuyumba huko kunatosha kuipoteza fokasi. Mpiga picha alisema, «Mzee, naomba ubaki hapo hapo,» na mzee akakakamaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ndipo akampa randa na kumwomba aukague ukali wa ulimi wake kwa kidole gumba, kama afanyavyo kila asubuhi. Viwiko vikatua juu ya benchi, mwili ukatulia wenyewe, na uso ukarudi kuwa wake. Picha zilizofuata ndizo bora kuliko zote za siku hiyo.

Mchana: ng'ambo ya uwanja

Karakana ilipigwa kwa Helios kutoka umbali wa mita 60 hivi. Kwanza alitumia f/2.8, akitaka nyasi za mbele zipotee kwenye ukungu, na pete ya fokasi akaizungusha hadi mwisho. Jengo halikuwa kali. Alihisi kwamba lenzi ya umri huo lazima iwe laini ikiwa wazi, akafunga hadi f/8, na picha ikakubalika, akaendelea na kazi. Uamuzi ulikuwa sahihi ingawa sababu yake haikuwa sahihi, kama tulivyokuja kuona.

Jioni: ukumbini

Hotuba zilipigwa kwa Super-Takumar. Alikumbuka kuichagua lenzi ya milimita 135 kwenye menyu, na ISO akaiacha ijipange yenyewe huku kasi ya shata ikiruhusiwa kushuka hadi 1/30 ya sekunde, kwa kuwa kidhibiti mtikisiko cha kamera hii, kinachoisogeza sensa ili kufidia mtikisiko wa mikono, kinatajwa na watengenezaji kufikia hatua 8, kila hatua ikiruhusu shata kukaa wazi mara mbili zaidi. Baadhi ya picha za wazungumzaji zilikuwa safi. Nyingine zilikuwa na mikono iliyofutika.

Zawadi zilipoletwa watu walisogea karibu, naye akabadilisha lenzi upesi na kurudisha Helios. Menyu hakuigusa. Kwa muda wote wa kukabidhi zawadi, kamera iliamini kwamba mbele yake kuna lenzi ya milimita 135. Picha zote za dakika hizo zilitoka na mvuto wa kando, kana kwamba kila kitu kimepigwa mara mbili.

Uchunguzi

Aliponiletea faili alikuwa amekwisha kutoa hukumu: Helios imechoka, pengine ina kuvu au vioo vyake vimelegea. Hukumu hiyo ni ya kawaida sana kwa watu wanaoanza kutumia lenzi za zamani, na mara nyingine ni ya kweli, kwani kuvu kwenye vioo, mafuta kwenye majani ya chuma yanayofunga tundu na grisi iliyoganda ni maradhi halisi ya lenzi hizi. Tuliimulika kwa tochi kutoka nyuma tundu likiwa wazi. Kulikuwa na vumbi kidogo, basi. Picha za asubuhi, zilizopigwa kwa lenzi hiyo hiyo, zilikuwa ushahidi wa upande wa utetezi.

Tukaamua kuzitenga picha mbovu kwa aina ya ulaini wake, na hapa ndipo kisa kilipofunguka. Picha yenye kosa la fokasi huwa na mahali fulani palipo pakali, mbele au nyuma ya pale palipokusudiwa. Picha za mwanzo za asubuhi zilikuwa hivyo. Picha ambayo mtu amesogea huwa na ukuta ulio safi nyuma ya mkono uliofutika. Hotuba nyingi zilizoharibika zilikuwa hivyo, na hakuna kidhibiti mtikisiko kinachoweza kuuzuia mkono wa mzungumzaji. Picha iliyotikiswa na kamera huwa imevutwa yote kwa mwelekeo mmoja, ukuta kwa watu. Picha za zawadi ziliangukia hapo zote.

Taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili zilimaliza ubishi: zilisema milimita 135, ilhali upana wa mandhari ulikuwa dhahiri wa milimita 58. Hesabu yake ni nyepesi. Kamera inapotikisika kwa pembe fulani, taswira husogea juu ya sensa kwa kiasi kinacholingana na urefu wa fokasi, na sensa hulazimika kuifuata kwa kiasi hicho hicho. Ikiambiwa 135 wakati ukweli ni 58, husogea mara 2.3 ya inavyopaswa. Hulipa mtikisiko wote, kisha huongeza mtikisiko wake wenyewe wa mara 1.3 kuelekea upande wa pili. Kwa maneno mengine, kidhibiti kilichowashwa kilikuwa kibaya kuliko kilichozimwa. Kosa la kinyume, yaani kuandika 58 huku lenzi ni 135, halina madhara makubwa hivyo, hupunguza msaada tu: sensa ingefidia chini ya nusu ya mtikisiko, lakini isingeongeza wake. Tulilithibitisha hili kwa kupiga ukuta wenye maandishi kwa mkono, kwa 1/30, mara namba ikiwa sahihi, mara ikiwa ya uongo, na mara kidhibiti kikiwa kimezimwa. Tofauti ilionekana bila kukuza picha.

Ulaini wa mchana haukuwa na mwelekeo wala mahali pakali nyuma yake, na ulipungua tundu lilipofungwa. Tulifunga Helios kwenye tripodi na kuilenga kwenye mnara ulio mbali kilimani: pete ilipofika mwisho, ukali ulikuwa bado unaongezeka. Super-Takumar nayo ikafanya vivyo hivyo. Lenzi mbili kutoka viwanda viwili tofauti haziwezi kuugua ugonjwa mmoja kwa bahati, kwa hiyo tuliipima adapta kwa mikromita katika sehemu kadhaa. Ilikuwa na milimita 29.56, yaani ziada ya milimita 0.1.

Unene wa karatasi unaweza kuonekana si kitu, lakini kwa lenzi ya milimita 58 ziada hiyo inamaanisha kwamba umbali wa mbali kabisa inaoweza kuulenga ni takriban mita 34. Jengo la mita 60 lilikuwa ng'ambo ya mpaka huo. Kwa vitu vya mbali sana, duara la ukungu linalotokana na ziada hiyo ni ziada yenyewe ikigawanywa kwa namba ya tundu: kwa f/2.8 ni milimita 0.036, sawa na pikseli sita za kamera hii, na kwa f/8 ni milimita 0.0125, pikseli mbili tu. Ndiyo maana f/8 iliuficha ugonjwa bila kuuponya.

Matokeo

Albamu ilikabidhiwa na ikapokelewa vizuri, picha za benchini zikiwa ndizo zilizotundikwa ukutani. Picha ya karakana ilitoka kwa f/8, bila ukungu wa nyasi uliokusudiwa. Tukio la kukabidhi zawadi halikupata picha safi hata moja. Pengo lake lilizibwa kwa picha iliyopigwa baadaye kidogo, mstaafu akiwa ameishika zawadi yake mezani. Adapta ilibadilishwa na nyingine iliyopimwa kwanza, ambayo ni pungufu kidogo ya milimita 29.46. Upungufu mdogo una nafuu, kwani pete hupita tu alama ya umbali usio na mwisho, jambo ambalo mlengaji anayetazama kwenye kitazamio hulirekebisha bila hata kujua.

Uchambuzi

Katika makosa yote tuliyoyaona, hakuna hata moja lililosababishwa na vioo vya lenzi. Yote yalitokea mahali lenzi na kamera zinapokutana: unene wa bomba, namba kwenye menyu, na kasi ya shata iliyowekwa kwa kuamini ulinzi ambao haukuwapo. Kwa lenzi ya kisasa, kamera huuliza na kujibiwa mambo hayo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kwa lenzi ya mwaka 1970 anayejibu ni mpiga picha, na akinyamaza kamera haiulizi tena, bali huendelea na jibu la mwisho ililopewa. Naona hatari hii kuwa kubwa zaidi kwenye kamera yenye sura ya kale kuliko kwenye kamera nyingine, kwa sababu FM2 ya kweli haikuhitaji kuambiwa urefu wa lenzi, na mkono unaolishika gurudumu la shaba husahau kwamba chini yake kuna sensa inayocheza kwa kufuata namba.

Kilichofanikiwa asubuhi kilifanikiwa kwa sababu kazi ilikuwa na muda. Aliona kosa ndani ya dakika chache, akabadilisha njia ya kulenga, akampa mzee kazi ya mikono. Uzito wa pete ya Helios, ambayo huzunguka taratibu kwa mwendo mrefu, ulimpa pia mstaafu nafasi ya kusahau kamera. Sidhani kama lenzi ya haraka ingezaa uso ule.

Mchana kuna somo gumu zaidi, kwani suluhisho lililofanya kazi lilizuia swali. Mtu akifunga tundu na picha ikapona, hana sababu ya kuipima adapta, na adapta ile ingeendelea kuharibu kila mandhari ya mbali kwa miaka. Kipimo kingechukua dakika chache siku ya kuinunua: kulenga kitu cha mbali sana tundu likiwa wazi kabisa, na kuangalia kama ukali unafikia kilele na kuanza kupungua kabla pete haijagota.

Kwa jioni, mimi ningechagua tofauti kabisa. Tukio lisilorudiwa, kwenye taa hafifu, lenye kubadilisha lenzi katikati, si mahali pa lenzi isiyozungumza na kamera, na kuweka lenzi moja ya kisasa kwa saa hiyo kusingeiondolea albamu heshima yake. Mpiga picha hakukubaliana nami. Yeye amechagua kuendelea na Helios peke yake kwenye hafla, bila kubadilisha, kasi ya shata isishuke chini ya 1/125, na kitufe kimoja cha mbele ya kamera amekipangia orodha ya lenzi ili namba ionekane kwa mbonyezo mmoja. Amebandika pia namba ya menyu kwenye kifuniko cha nyuma cha kila lenzi, ili mkono unaofungua kifuniko uione kabla lenzi haijafungwa. Njia yake ina mantiki, hasa hapo kwenye 1/125, kwa sababu kasi hiyo inaituliza mikono ya wazungumzaji pia.

Uchunguzi wa mchana uliwezekana kwa sababu ya daftari. Lenzi isiyo na chipu haiambii kamera tundu lililotumika, kwa hiyo faili za f/2.8 na za f/8 zilikuwa na taarifa zinazofanana kuhusu tundu, na tuliweza kuzitofautisha kwa kuwa mpiga picha alikuwa ameandika kwa kalamu muda wa kila badiliko la pete. Tuliyalinganisha maandishi hayo na saa iliyo ndani ya faili, na bila hayo tungekuwa na picha laini na picha kali za jengo lile lile, pasipo njia ya kujua kwamba ulaini ulikuwa ukipungua kadiri tundu lilivyofungwa.